Ukoo wa Isevya: unga wa figo

Saidi: Mama mdogo shikamoo. Kuna unga sokoni, wanasema "unasafisha figo" za mwenye sukari. Bibi ameusikia, anautaka.

Mama mdogo Tatu: Marahaba. Umeandikwa ndani mna nini?

Saidi: "Mitishamba 12". Basi.

Mama mdogo Tatu: Usinunue. Figo za mwenye kisukari zinaumizwa na sukari na presha zikikaa juu miaka mingi; vichujio vinachoka, protini inavuja kwenye mkojo. Unga huo nao utapita kwenye vichujio hivyo hivyo. Kuna mimea ina asidi ya aristoloki, inaua figo kabisa, na ikishasagwa huitambui kwa macho.

Hamisi Maabara: Apimwe mkojo kwanza, albumini (ile protini inayovuja) kwa kreatinini (taka inayochujwa na figo). Chini ya 30 mg/g sawa. 30 hadi 300 zimeanza kuvuja. Ukizidi 300, zinavuja sana. Akiwa na homa au UTI asubiri apone, majibu yatapanda bure. Yakitoka juu, yarudiwe ndani ya miezi 3 hadi 6. Na kreatinini ya damu msisahau.

Shangazi Zena: Na uwatu? Huo si tunaujua wote.

Mama mdogo Tatu: Uwatu sawa wifi, ila ni wa sukari, na unashusha kidogo tu. Figo hautibu. Kijiko cha chai kilichojaa, loweka usiku kwenye glasi ya maji. Asubuhi mbegu zimevimba, zinateleza kama mlenda. Azile pamoja na chakula. Wengi wanakunywa maji wanatupa mbegu, wakati ule ute ndio unaochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Wiki ya kwanza nusu kijiko, la sivyo tumbo litajaa gesi. Vidonge vikae mbali nao saa mbili, ute unavizuia.

Mama mdogo Tatu: Anameza glibenklamidi au anachoma insulini? Basi apime sukari mara kwa mara, inaweza kushuka mno. Chini ya 3.9 mmol/L, au akitoka jasho na kutetemeka, sukari vijiko vinne vya chai kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15.

Shangazi Zena: Asali na mdalasini je?

Mama mdogo Tatu: Asali yetu ina kazi hapo tu, sukari ikishuka: kijiko kimoja cha chakula. Siku nyingine asali ni sukari, hata ikitoka msituni leo 😄

Hamisi Maabara: Juisi ya mbilimbi pia hapana. Ina oksaleti nyingi, inaganda fuwele ndani ya figo. Kwenye achari kidogo haina neno, glasi nzima ndiyo hatari.

Saidi: Choya?

Mama mdogo Tatu: Bila sukari, kikombe kimoja. Inashusha presha kidogo, kwa hiyo apimwe asije akapata kizunguzungu. Losatani, dawa yake ya presha, asiache! Hiyo ndiyo inayolinda figo, mitishamba haishiki nafasi yake. Na zile diklofenaki za mgongo ziondoeni leo hii, zinabana damu ya figo.

Shangazi Zena: Michembe anaipenda huyo.

Hamisi Maabara: Viazi hivyo vikavu vina potasiamu nyingi. Potasiamu ya damu ikiwa juu, na losatani huipandisha, michembe ipungue. Ilowekwe, ichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Msiyapikie uji.

Saidi: Nampeleka kesho. Mkojo nikinge kwenye chupa ya maji?

Hamisi Maabara: Kikopo cha maabara, pitia kwangu uchukue. Wa kwanza wa asubuhi: aanze kukojoa chini, akinge wa katikati.

Saidi: Sawa kaka.