Nilitaka programu moja, zimeingia nne. Nani aliwapa ruhusa?

Wakuu, nina hasira kwelikweli.

Jana usiku nilihitaji kiprogramu cha kuunganisha mafaili ya PDF, basi. Nikapakua, nikabonyeza, nikalala. Asubuhi nawasha kompyuta, brauza inafungukia ukurasa nisioujua, antivirusi ngeni inapiga kelele nilipie, "kisafishaji" kinadai kimegundua makosa mamia, na kuna programu ya hali ya hewa. Hali ya hewa nani kaiomba?

Nikarudia kusakinisha upya, safari hii polepole. Dirisha la pili lina kitufe kikubwa cha kijani: "Endelea, inapendekezwa". Chini yake, kwa maandishi ya kijivu yaliyofifia mpaka usogeze uso kwenye kioo, kuna "chaguo maalumu". Ukiingia humo ndipo unaona viboksi vimeshapigwa tiki. Sikuvipiga mimi! La tatu ndiyo uhuni mtupu: limechorwa kama mkataba wa leseni, Nakubali na Sikubali, kumbe ni mkataba wa programu nyingine kabisa. Mtu anaogopa akikataa atakosa aliyoifuata, anakubali. Halafu wanasema uliridhia mwenyewe.

Hiyo antivirusi ndiyo imenikera kuliko zote. Windows tangu toleo la 8, mwaka 2012, inakuja na antivirusi yake, Defender, na Defender ikiona antivirusi nyingine imeingia, inajiweka pembeni. Kwa hiyo kinga niliyokuwa nayo bure imezimwa na mgeni anayedai hela!

Zote nne zimejiweka kwenye orodha ya kujiwasha. Mashine yangu ina RAM ya GB 4 tu, sasa kufungua hati moja nasubiri mpaka nachoka.

Na msiniambie vya bure ndivyo vilivyo. 7-Zip, ile ya kubana na kufungua mafaili, ni ya bure tangu 1999, faili lake halifiki MB 2, unabonyeza inakaa, haikuletei ndugu zake. VLC, ya kuchezea video, nayo ya bure, tangazo hulioni. Inawezekana kabisa, hawa wameamua tu kutuingilia.

Tatu nimezitoa. Kisafishaji nakifuta, nikiwasha tena nakikuta. Aliyewahi kung'oa kitu cha namna hii bila kupiga Windows upya anielekeze, tafadhali, nina kazi ya watu humu ndani.