Wazee wa Arusha, Unga Limited ya zamani ilikuwaje?

chalii_mpangaji:
Habari zenu wakuu. Nina mwaka wa pili nimepanga Unga Ltd, nyumba ya korido, wapangaji saba choo kimoja, nikisema naishi huku watu wananiangalia kama kibaka. Mimi napapenda kwa kweli, nikichelewa kurudi mama wa chumba cha pili ananiwekea makande. Naomba mnaokumbuka, hili jina limetoka wapi na huku kulikuwaje kabla hapajabanana hivi?

Mama Wawili:
Karibu mwanangu. Jina ni la kinu cha unga, kampuni ndo iliitwa Unga Limited, sisi tumekua tunapaita NMC, lile shirika la taifa la kusaga nafaka. Vibarua walipanga karibu ili waende kazini kwa miguu. Baba yangu alibeba magunia pale, akirudi jioni kope nyeupe kabisa, mama anamwambia simama hapohapo mlangoni, anampangusa na kanga kwanza ndo aingie maana tulilala wote chumba kimoja na ule unga ulikuwa unamkohoza mdogo wangu. Vibaka wapo kila mtaa, ila sisi watoto watano tumesomeshwa na magunia yale, asikudharau mtu.

mzee_wa_vifodi:
Shikamoo mama. Niongezee hapo, vinu vya watu binafsi vilitaifishwa Februari 1967 mara tu baada ya Azimio la Arusha, na ukumbi lilikopitishwa uko hapo Kaloleni, leo ni makumbusho, nenda kauone. Mwaka huohuo mji mzima ulikuwa na watu elfu 32 na kitu, sensa ya 2012 ikasoma 416,442, sasa hao wote wangelala wapi kama sio Unga Ltd, Ngarenaro, Daraja Mbili? Ngarenaro yenyewe ni Kimaasai, maji meusi.

dada_korido:
Nimekaa huko miaka sita, upendo upo ila na shida tuziseme. LUKU ya umeme mnachanga sawa halafu mmoja anapiga pasi kila siku, mvua za masika maji ya choo yanaingia mpaka koridoni, mwenye nyumba unamwona siku ya kodi tu. Binadamu hatakiwi kuishi hivyo hata kama kodi ni ndogo.

chalii_mpangaji:
Dada umesema kweli, Aprili tulipandisha magodoro juu ya meza. Mama Wawili marahaba zangu kwa mzee kama yupo, samahani, namaanisha shikamoo. Yupo?

Mama Wawili:
Yupo mwanangu, 84 sasa. Ugali bado anaupima kwa vidole kabla hajala, anakwambia huu umesagwa mara moja.