Je, nakshi za vyungu vya Wahopi-Tewa ni mali ya kila mtu?

Hoja iliyowekwa mezani ni kwamba wafinyanzi Wahopi-Tewa (wazao wa Watewa waliohamia kwa Wahopi, wenyeji asilia wa Marekani) wa First Mesa, mlima wenye kilele bapa jimboni Arizona, kwa kuwa wao wenyewe huwauzia wageni vyungu vilivyochongwa sura za katsina, yaani roho zinazoleta mvua, hawana tena haki ya kulalamika mtu wa nje anapoiga nakshi hizo, wala Wahopi hawakuwa na sababu ya kupinga mnada wa barakoa zao uliofanyika Paris mwaka 2013. Mimi naipinga hoja hii moja kwa moja.

Barakoa zile Wahopi huziita marafiki. Kwao zina uhai, na hakuna mtu mmoja anayeruhusiwa kuzimiliki, sembuse kuziuza. Ndiyo maana wakfu wa Annenberg, shirika la hisani la Marekani, ulipozinunua 21 mnadani mwezi Desemba mwaka huo, ulifanya hivyo ili zirudishwe kwa wenyewe. Chungu ni kitu kingine kabisa. Mfinyanzi Mhopi-Tewa Thomas Polacca alipochonga katsina kwenye ubavu wa chungu, aliamua mwenyewe nini kionekane na nini kibaki kwao. Dada yake, Iris Nampeyo, alijulikana kwa chungu kilichosuguliwa kikang'aa, ambacho juu yake umetokeza muhindi mmoja tu, bila rangi yoyote. Na muhindi kwa watu wanaolima kwa kutegemea mvua chache za jangwani si pambo.

Wapo wanaojibu kwamba bibi yao, mfinyanzi Nampeyo, naye aliiga, kwani katika miaka ya 1890 alifufua michoro ya vigae vya Sikyátki, kijiji cha Wahopi wa kale, ilhali mama yake alikuwa Mtewa. Wanasahau kwamba baba yake alikuwa Mhopi, na kwamba magofu hayo yako chini ya mlima uleule aliozaliwa.

Nakubali kwamba Wahopi wenyewe hawajaafikiana kuhusu kiasi gani cha katsina kionyeshwe sokoni, lakini ubishi huo ni wao, na kuwepo kwake hakumpi mgeni kibali. Sheria ya Marekani ya 1990 inamkataza mtu kuuza kazi yake kwa kudai uongo kuwa imetengenezwa na wenyeji asilia. Nakshi yenyewe haiilindi. Basi wanaotetea uigaji watueleze: mwigaji anayeandika jina lake halisi chini ya chungu, lakini akachonga katsina bila kujua huja msimu gani wala kwa ajili gani, anauza nini hasa?