Majengo ya umma wanajengewa akina nani? Kituo chetu kipya cha afya ni mateso matupu

Wakuu habari za saa hizi. Mtanisamehe nikiwa mkali maana hili jambo limenikaa kooni toka kituo chetu cha afya kizinduliwe, utepe ukakatwa, picha zikapigwa, wageni wakala pilau wakaondoka na sisi tukabaki na jengo. Kata sitaitaja, wilaya sitaitaja, kwa sababu jengo hilohilo nimeshaliona na mikoa mingine, bati zilezile, madirisha yaleyale, korido ileile.

Nianze na joto. Huku ni pwani, Desemba mpaka Machi kila mtu anajua hali inakuwaje. Sehemu ya wagonjwa kusubiria imeangalia magharibi kabisa, jua la saa tisa alasiri linaingia lote ndani, na madirisha ni yale ya aluminiamu ya kusukuma pembeni ambayo hata ukifungua mpaka mwisho nusu ya dirisha inabaki kioo. Nusu nzima! Zamani shule na zahanati zilikuwa na luva, ukifungua dirisha linafunguka lote, na juu yake kuna matofali yale ya matundu ya kutolea hewa ya moto kwa sababu hewa ya moto inapanda, hilo tumefundishwa shule ya msingi. Leo matundu yamezibwa eti ushamba, chini ya bati kumepigwa jipsam, joto halina pa kutokea, kuna feni mbili za dari na umeme ukikatika ndo basi. Angalia zile nyumba zetu za uswahilini za vyumba sita, hazikuchorwa na injinia yeyote, lakini korido inapitisha upepo toka mlango wa mbele mpaka uani na nje kuna baraza watu wanakaa kivulini. Na hapa tulipo karibu na ikweta jengo linatakiwa upande mrefu uangalie kaskazini na kusini, ule mfupi ndo uangalie mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni likute ukuta mdogo. Kugeuza ramani kabla msingi haujachimbwa kunagharimu shilingi ngapi?

Haigeuzwi kwa sababu inakuja imeshachorwa. Ramani moja inaenda kwenye baridi ya Makete na inakuja kwenye joto la Kilwa, fundi anaambiwa jenga hivyohivyo, na anayesimamia kazi yake ni kuhesabu matofali na mifuko ya saruji. Aliyechora hajawahi kukaa kwenye hilo benchi na mtoto mwenye homa mgongoni.

Haya, njooni kwenye mteremko wa viti mwendo. Barazani pale pako juu ya ardhi kama nusu mita hivi. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo nusu mita inataka mteremko wa mita 6. Wao wameweka wa mita mbili kasoro, umebandikwa tailizi zile za kung'aa ambazo zikilowa hata mzima anaanguka, halafu ukishahangaika ukafika juu unakutana na kizingiti cha mlango. Shangazi yangu alipigwa kiharusi mwaka jana, upande wa kulia haufanyi kazi. Nilijaribu kumsukuma kile kiti kikawa kinarudi nyuma, ikabidi vijana wa bodaboda waje wamnyanyue na kiti chake, kanga imepanda mpaka magotini, mbele ya majirani wanaomheshimu na wakwe zake wawili walikuwepo foleni. Alilia njia nzima ya kurudi. Mpaka leo ukimwambia twende kliniki anasema presha imeshuka hana haja ya kwenda. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo toka 2010, majengo ya umma yanatakiwa yafikike, na kwenye ripoti ya ukaguzi wa lile jengo nina hakika pameandikwa mteremko upo. Upo kweli, mtu anayeuhitaji hawezi kuupanda.

Na hili linalofuata ndo linaniuma kuliko yote. Chumba cha uzazi wa mpango na vipimo vya akina mama, mlango wake unafungukia moja kwa moja kwenye mabenchi ya kusubiria. Moja kwa moja wakuu. Mlango ukifunguliwa kitanda cha vipimo kinaonekana, wanaume wamekaa pale wanasubiri dawa. Manesi wamejitahidi wametundika kitenge kwenye kamba, feni ikizunguka kitenge kinapepea. Na kwa sababu chumba hakina dirisha la maana mlango hauwezi kufungwa muda wote, watu watazimia. Jirani yangu ana watoto wanne, alikuwa anachoma sindano kila miezi mitatu, sasa anapanda bajaji kwenda zahanati ya zamani kule mbali, akikosa nauli anaacha. Angeitwa mama mmoja tu wa hii kata akaonyeshwa ramani, angeweka kidole pale akasema huu mlango uzungusheni upande wa pili. Dakika tano. Hakuna aliyeitwa.

Na mwembe. Kwenye kile kiwanja kulikuwa na mwembe mkubwa, kabla ya jengo mama wa kliniki ya watoto walikuwa wanapimia uzito chini yake, mzani unatundikwa kwenye tawi. Greda lilipofika ulikuwa wa kwanza kung'olewa, wakapanda ukoka na maua yakakauka kiangazi cha kwanza. Sasa hivi ndugu wanaouguza, ambao ndo wanaoleta chakula na kufua mashuka, wanakaa kwenye ukuta wa choo kufuata kivuli.

Msiniambie haiwezekani. Nendeni mkasome habari za hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa 2011. Pale waliogopa wagonjwa kuambukizana kifua kikuu kwenye korido, wakazitoa korido nje ya jengo, watu wanasubiri kwenye hewa. Wodi zina madirisha makubwa na mengine juu kabisa ya kutolea hewa chafu, mafeni mapana yanayozunguka taratibu, na vitanda vimepangwa kwenye ukuta mfupi katikati ya wodi ili mgonjwa akilala anaangalia nje, anaona milima. Mawe ya volkano ya hapohapo, mafundi wa hapohapo. Rwanda jamani, wenzetu wa Afrika Mashariki, hatuongelei Ulaya.

Au mbunifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso, alijenga shule ya msingi kijijini kwao Gando 2001, matofali ya udongo na saruji kidogo, bati kaliinua juu mbali na dari ili upepo upite katikati ufagie joto, wanakijiji wenyewe wakashiriki kujenga. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, ile tuzo kubwa ya dunia ya wabunifu majengo, Mwafrika wa kwanza. Kazi yake ipo mpaka Turkana hapo Kenya, kwenye jua kali kuliko letu.

Na sisi wenyewe tulikuwa tunaweza! Soko la Kariakoo lile jengo lenyewe, lililofunguliwa 1975, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli. Paa la zege kama miavuli iliyopinduliwa, inakinga maji ya mvua huku hewa inapita juu ya vichwa vya watu na mwanga unaingia. Mpaka moto wa Julai 2021 watu walikuwa wanafanya biashara mle. Halafu linganisha na Machinga Complex pale Ilala, ghorofa za vizimba vilivyokaa vitupu miaka kibao, kwa sababu machinga anauza pale mtu anapopita na hakuna mteja anayepanda ngazi kwenda kutafuta soksi. Hiyo machinga yeyote pale Karume angekwambia bure.

Kuna watakaosema hela hakuna, shukuruni hata hicho mmepata. Tunashukuru kupata madaktari na dawa. Ila mlango kuuhamisha upande wa pili kwenye karatasi ni bure, mwembe kuuacha ni bure, na hiyo jipsam na tailizi za kung'aa zimenunuliwa kwa hela, tena hela yetu.

Sababu ya kuandika leo ni kwamba sasa wanataka kutujengea soko la kata. Nimeshaona watu wamekuja na vigingi wanapima, msingi unaanza mwezi ujao, na hakuna mtu hata mmoja pale sokoni aliyeona ramani. Nimewauliza wauza samaki maji ya kuoshea yatatoka wapi na yataelekea wapi, hawajui. Mama lishe wanapikia mkaa, moshi utatokea wapi, hawajui. Mikokoteni ya mizigo itashushia wapi hawajui, na wale wenye watoto wachanga wanaolala kwenye maboksi chini ya meza ndo kabisa hakuna aliyewafikiria. Tunataka ramani ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, iwe kubwa, na mchoraji aje mwenyewe asimame aelezee kwa Kiswahili akiwa na penseli ya kufuta.

Wabunifu majengo na mainjinia mliomo humu najua mpo wengi, nijibuni hili: kwenye utaratibu wa mradi wa halmashauri ni hatua gani ambayo mwananchi anaweza kudai kuona ramani kabla mkandarasi hajasaini, na barua inaelekezwa kwa nani? Mkutano wa mtaa ni Jumamosi saa nne asubuhi, nataka niende nayo imeshaandikwa.