Barkley Marathons: kilomita 2.7 kwa saa, mbona karibu wote wanashindwa?

Kasi_Ndogo

Wakuu, habari za humu. Nimesoma sana kuhusu Barkley Marathons, zile mbio za porini kwenye hifadhi ya Frozen Head, Tennessee, Marekani, na hesabu yake inanigomea. Raundi 5 za maili 20, jumla maili 100, yaani kama kilomita 160. Muda ni masaa 60. Ukigawa unapata kilomita 2.7 kwa saa, mwendo wa mtu anayetoka sokoni na kapu kichwani. Halafu hadi 2024 waliowahi kumaliza raundi zote ni watu 20 tu, na 2025 hakumaliza hata mmoja.

Ugumu uko wapi hasa? Na watu wanafuata nini kule, maana hata zawadi ya fedha hakuna? Mwenye ujuzi atueleze kwa vitendo, siyo maneno ya kutia moyo.

DiraNaRamani

Mkuu, umegawa kilomita. Gawa mita za kupanda. Raundi tano zina zaidi ya mita 16,000 za kupanda, na za kushuka ni hizohizo. Kutoka geti la Marangu hadi Uhuru ni kama mita 4,000, kwa hiyo hapo una Kilimanjaro mara nne, kwenda na kurudi, ndani ya siku mbili na nusu. Na hizo maili 20 ni za kwenye karatasi. Wanaoijua njia wanasema raundi moja inakaribia marathoni kamili.

Pili, sehemu kubwa haina njia. Chini kuna majani makavu yaliyoficha mawe, magogo yaliyolala, na matuta ya machimbo ya zamani ya makaa ya mawe. Mteremko uitwao Rat Jaw umefyekwa miti kupisha nyaya za umeme, sasa umejaa miba inayochana suruali na ngozi. Ndiyo maana utaona watu wamevaa glavu nene kama za mtunza bustani.

Tatu, masharti. Simu hapana, GPS hapana, hata saa ya kupima mwinuko hapana. Una ramani, dira, karatasi ya maelekezo na saa ya kawaida ya bei rahisi. Njia unainakili mwenyewe kutoka ramani moja kuu iliyowekwa kambini. Porini kumefichwa vitabu, kati ya 9 na 15 kutegemea mwaka, na kwenye kila kimoja unachana ukurasa unaolingana na namba yako ya kifuani. Ukirudi kwenye geti la njano, pale kambini raundi inapoanzia na kuishia, kurasa zinahesabiwa mbele yako. Ukipungukiwa mmoja, raundi nzima imekufa. Raundi inayofuata unapewa namba mpya, kwa hiyo kurasa za jana hazikusaidii. Maji yapo sehemu mbili tu njiani, na Machi kule yanaweza kuganda.

Sasa hesabu ya muda. Ili uruhusiwe kuanza raundi ya nne lazima tatu ziishe ndani ya masaa 36, na ya tano unaianza kabla ya masaa 48. Saa haisimami ukiwa kambini: kula, kubadili soksi, kufunga malengelenge, kulala dakika kumi, vyote vinakatwa humohumo. Wenye nia ya kumaliza hulenga raundi ya kwanza masaa 8 hadi 9, kwa sababu usiku wa pili kila kitu hupungua kasi na akiba hiyo italiwa yote.

NyayoZaMlimani

DiraNaRamani kamaliza mambo ya mwili. Mimi niongeze pale muda unapopotelea hasa: kushuka.

Wengi hudhani kupanda ndiko kugumu. Kwa pumzi, sawa. Kwa ramani ni kinyume. Ukipanda, migongo yote ya mlima inakutana juu. Hata ukikosea kidogo utafika kileleni. Ukishuka, mgongo mmoja unagawanyika matawi mawili, matatu, na kosa la hatua ishirini pale juu linakutoa kwenye bonde tofauti kabisa chini. Kulirekebisha ni kupanda upya mita 300. Saa nzima hiyo.

Kinga yake: kabla hujaondoka kileleni, weka dira kwenye ramani, soma uelekeo, angalia kama mteremko ulio mbele yako unalingana na kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani. Kontua zikibanana, ardhi lazima iwe kali. Kama ramani inasema kali na miguu inasema tambarare, simama. Usiendelee kwa matumaini.

Ukitafuta kitu kidogo, mfano jiwe kando ya kijito, usikilenge moja kwa moja. Lenga makusudi mita 50 upande wa juu. Ukigusa kijito unajua tayari ugeukie wapi. Ukilenga katikati ukakikosa, hujui uende kulia au kushoto, na hapo ndipo watu huzunguka nusu saa.

Ukungu wa usiku: tochi ya kichwani inamulika matone mbele ya macho yako na unaona ukuta mweupe. Ivue, ishike usawa wa kiuno.

Na usisahau tofauti ya kaskazini ya dira na ya ramani. Tennessee ni kama digrii 5 magharibi. Usipoirekebisha, kila kilomita moja unakosea karibu mita 87. Kitabu kiko nyuma ya mti. Mita 87 ni nyingi.

Kasi_Ndogo

Asanteni sana, ugumu nimeuelewa. Ila mvuto bado. Mtu analipa nauli kwenda kupotea?

MzeeWaKontua

Ada yenyewe ni dola 1.60 na insha ya kueleza kwa nini ukubaliwe, hahaha. Nafasi ni kama 40 tu na waombaji ni wengi mno.

Tuwe wakweli: siyo mateso yanayowavuta. Mateso yanapatikana karibu na nyumbani kwa bei nafuu. Kwenye mbio nyingi ndefu za milimani njia imewekwa alama mwanzo hadi mwisho na vituo vya chakula vipo. Ukijiandaa vizuri utamaliza, kinachobaki ni kwa muda gani. Barkley swali ni kama inawezekana kabisa. Gary Cantrell aliianzisha 1986 pamoja na Karl Henn, na njia husogezwa ibaki kwenye ukingo huo. Wazo lilitokana na kisa cha James Earl Ray, muuaji wa Martin Luther King, aliyetoroka gereza la Brushy Mountain, jirani na hifadhi hiyo, mwaka 1977. Alikaa porini zaidi ya masaa 50 na hakufika hata kilomita 15.

Mvuto mwingine ni kwamba mwenye mapafu makubwa hashindi kwa mapafu. Jasmin Paris, daktari wa mifugo kutoka Uingereza, alimaliza 2024 kwa 59:58:21, zikiwa zimebaki sekunde 99, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Amezoea mbio za vilima vya Uingereza ambako kusoma ramani ni sehemu ya mchezo. Gary Robbins naye 2017 alifika getini sekunde 6 baada ya muda. Watu wanazililia hizo sekunde, lakini alikosea njia kwenye ukungu akaruka kama maili 2 na kutokea upande usio sahihi. Hata angewahi isingehesabika.

Kuna pia raundi ya tano: wa kwanza kuondoka anachagua upande, wa pili lazima aende upande wa pili. Mwenzako uliyemtegemea siku mbili mnaachana, bila usingizi, kila mtu na dira yake. Kwangu hicho ndicho kipande kitamu kuliko vyote.

NyayoZaMlimani

Kwa anayetaka kuanzia huku kwetu: nunua dira kwanza, na uulize imesawazishwa kwa ukanda gani wa dunia. Dira nyingi za Ulaya na Marekani, ukizileta Tanzania au Kenya, sindano inainama upande mmoja na kukwaruza kasha. Chukua ya ukanda wetu au yenye sindano inayofanya kazi dunia nzima.

Kisha ramani ya 1:50,000 ya idara ya upimaji. Sentimita 2 ni kilomita 1. Chagua eneo la vijiji na vilima unaloweza kutembea kihalali, chagua pointi sita (makutano ya vijito, vilele vidogo), zizungukie kwa kutembea, simu imezimwa mfukoni. Usijaribu ndani ya hifadhi. Mlima Meru, kwa mfano, huruhusiwi kupanda bila askari mwenye silaha, na nyati hawasomi ramani.

Ukiweza mchana, rudia palepale usiku. Miguu ifuate baadaye: kilima cha mita 200, mara kumi, mara moja kwa wiki, na ushuke kwa kasi ileile unayopandia mwanzoni, maana mapaja huharibika kwenye kushuka.

Kasi_Ndogo

Dira ninayo, nimeigeuza sasa hivi. Sindano inakwaruza kweli.

DiraNaRamani

Iinamishe kidogo mpaka sindano iwe huru, itakusaidia kwa mazoezi. Kwa kukimbia nayo, badilisha.