Naombeni ushauri: nyimbo 10 bora za Dokta Remmy, namba moja iwe ipi?

Mwana_Kihonda (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina orodha yangu ya nyimbo 10 za mwanamuziki wa dansi, Dokta Remmy Ongala, nimeihangaikia wiki tatu sasa na usingizi umeanza kupungua. Kuanzia chini kwenda juu sina shida. Ya 10 ni ule aliomwimba Mrema enzi akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Gita lake tamu lakini habari yake imepitwa. Ya 8 na ya 9 hubadilika kila nikisikiliza upya. Ya 7 Kipenda Roho. Ya 5 Sauti ya Mnyonge. Ya 4 Mambo kwa Soksi, ya 3 Muziki Asili Yake Wapi.

Nimekwama juu kabisa: Kifo au Nalilia Mwana? Moyo wangu uko kwa Kifo. Ila nahitaji jibu kabla ya Ijumaa kwa sababu kuna shughuli na orodha lazima ikabidhiwe. Mchango wenu tafadhali.

Shabiki_wa_Makassy
Orodha ya Remmy isiyo na Siku ya Kufa hiyo ni orodha ya nani? Huyu mtu kaja Dar 1978, kaingia Orchestra Makassy kwa mjomba wake, na wimbo huo ndio uliowafanya watu wageuke kumtazama. Bendi ya Matimila imekuja baadaye. Rudi ukasikilize, kisha uje tuongee habari ya namba moja.

Bi_Mkubwa_Ilala
Mwanangu, mimi Matimila nimeicheza kwa miguu yangu hii. Ulikuwa unaweza kukaa chini wimbo mzima usicheze, unasikiliza tu anavyosema, halafu likija lile gita la kuchemsha unajikuta umeshasimama. Yeye mwenyewe aliuita muziki wa ubongo. Marehemu mume wangu hakuwa mtu wa kucheza kabisa, alikuwa anashika soda yake na kutikisa kichwa. Siku aliyonitolea posa nilimwuliza kwa nini mimi, akasema aliniona nalia kwenye Nalilia Mwana huku nacheza. Kwangu mimi hiyo ndiyo namba moja na sitoi maelezo zaidi.

Kiroboto77
Shughuli gani hiyo inayotaka wimbo wa Kifo? Kama ni harusi, bwana harusi akimbie mapema.

Bahati_wa_Bukavu
Jambo ndugu zangu. Musisahau Remmy ni mutoto wa Kindu, kule Maniema, alizaliwa 1947. Alizaliwa na meno tayari, na kwetu mutoto wa vile watu wanamuona kama muganga, ndiyo maana ya Dokta. Munapopanga nyimbo zake, musikilize magita: ni Kongo ile, maneno tu ndiyo ya Tanzania.

Mwana_Kihonda
Asanteni wote. Siku ya Kufa nimeisikiliza tena, itaingia namba 6. Shughuli ni ya kifamilia tu, siyo harusi. Naombeni turudi kwenye swali: Kifo au Nalilia Mwana?

Dada_Neema
Kaka, swali lako halijakamilika. Wimbo mzuri wa kusikiliza ukiwa peke yako siyo lazima uwe mzuri wa kupigwa mbele ya watu. Hiyo familia ni ya nani, na kinachofanyika ni nini?

Mwana_Kihonda
Sawa. Ni miaka 70 ya mzee wangu. Nimeandaa bendi ije ipige nyimbo hizo 10, kutoka ya 10 kupanda hadi namba moja, yeye akiwa amekaa mbele. Mzee ndiye aliyenilea na Remmy. Alikuwa anakaa na redio kaseti mapajani, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodi, akisubiri Radio Tanzania waupige wimbo. Hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Nyimbo zote hizo nimezijua kupitia kaseti zake.

Kiroboto77
Miaka 70 unampigia Kifo. Mkuu, urithi mmeshagawana au mnasubiri wimbo uishe?

Mchungaji_Mstaafu
Waheshimu baba yako na mama yako. Mtu akifika miaka 70 anaulizwa anataka nini. Hapangiwi. Vijana wa leo mnawafanyia wazazi sherehe zinazowafurahisha ninyi wenyewe.

FundiRedio_Mbeya
Kaseti unazo bado? Nauliza kwa sababu nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio miaka 16, na watu walikuwa wananiletea mikanda iliyokaa muda mrefu wakaiweka tu kwenye mashine ikatafunwa. Usiwahi kufanya hivyo. Chukua kalamu ya Bic, ile ya pembe sita, ichomeke kwenye tundu, zungusha mkanda wote hadi mwisho kisha uurudishe, ndipo uweke. Mama mmoja alikuja na kaseti ya marehemu mwanawe akiimba kwaya, imeshatafunwa tayari. Nilikaa nayo siku mbili nikinyoosha mkanda kwa ukucha. Sikumtoza hela.

Dada_Neema
Mleta uzi, mbona una wasiwasi namna hiyo? Mzee anampenda Remmy, bendi ipo, nyimbo zipo. Kuna kitu hujasema.

Mwana_Kihonda
Dada Neema umenibana. Basi niseme.

Mzee aliokoka mwaka 2004. Sasa hivi ni mzee wa kanisa. Wiki aliyookoka alikusanya kaseti zake zote, akazitia kwenye mfuko wa salfeti, akazimwagia mafuta ya taa chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa na miaka 20. Nakumbuka mikanda ilivyokuwa inajikunja kama nywele kabla ya kuyeyuka, na harufu yake ilikaa kwenye nguo zilizoanikwa siku nzima. Tangu hapo dansi halijapigwa nyumbani kwetu. Habari ya bendi hajui. Wadogo zangu pia hawajui. Bendi nimeshailipa laki tatu na hairudishwi.

Kabla hamjanirukia, naombeni mnisikilize. Desemba 2010 redio ilipotangaza Remmy amefariki, mzee aliizima, akatoka nje, akarudi saa nne usiku. Hakusema alikuwa wapi. Mtu aliyekwisha kabisa na kitu hafanyi hivyo. Na Remmy mwenyewe aliacha dansi akamalizia kwenye injili! Naweza kuwaambia bendi wafunge na wimbo wake wa injili. Ninachoomba ni kusaidiwa namba moja tu.

Mchungaji_Mstaafu
Nimeshasema.

Shabiki_wa_Makassy
Hapo kwenye injili una hoja. Cosmas Chidumule naye, sauti ile ya bendi ya Mlimani Park, aliishia kumwimbia Mungu. Ila angalia, hao waliacha kwa hiari yao na hakuna aliyewavizia na bendi sebuleni.

Bi_Mkubwa_Ilala
Mwanangu, mama yako yuko wapi katika habari hii? Umemtaja baba tangu juu.

Mwana_Kihonda
Mama alifariki 1998, Bi Mkubwa. Usiku wa msiba, watu walipokwisha lala kwenye mikeka, mzee aliweka Kifo kwa sauti ya chini, wimbo ukiisha anarudisha nyuma. Sijui mara ngapi. Mimi nilikuwa nimelala chini ya meza nikihesabu ile sauti ya kitufe. Ndiyo maana Kifo ni namba moja kwangu.

Na niseme lingine. Kaseti moja haikuungua. Niliichomoa kwenye mfuko wa salfeti kabla hajauchoma. Mzee hajui mpaka leo. Upande A una Kifo, upande B una Mambo kwa Soksi.

Dada_Neema
Pole sana kaka. Sasa nimeelewa. Lakini nitakwambia ukweli: hilo ni deni lako wewe kwa mzee, na umelivalisha nguo ya sherehe.

MpimaChai
Jamani subirini kidogo kabla hamjaendelea kulia. Mimi nimesoma uzi wote. Mleta uzi kasema mzee alirekodi nyimbo zote kutoka Radio Tanzania, kidole juu ya kitufe. Sasa anatuambia kaseti ina Mambo kwa Soksi. Mambo kwa Soksi RTD, yaani hiyo Radio Tanzania, walikataa kuupiga! Wimbo ulikuwa wa kuhimiza kondomu, redio ya serikali ikaufungia mlango, ukasambaa mtaani kwa kaseti za kunakili. Kila aliyekuwa na akili miaka ile analijua hilo. Mzee wako aliurekodi kutoka redio gani? Hii ni chai, yaani hadithi ya kutunga, tena imeandaliwa na mtu aliyesoma habari za Remmy mtandaoni lakini hakuzisoma zikaisha.

Kiroboto77
Eeh! Na mimi nilikuwa nimeshaanza kutoa machozi. Lete vitafunwa.

Shabiki_wa_Makassy
Kwa hilo MpimaChai yuko sahihi. RTD haikuupiga. Mleta uzi njoo utoe maelezo.

Bahati_wa_Bukavu
Hata kama ni hadisi, ni hadisi ya muzuri. Muache aeleze.

Bi_Mkubwa_Ilala
Mnamwita mtu mwongo kwenye msiba wa mama yake. Mngekuwa wangu ningewachapa.

*(siku mbili baadaye)*

Mwana_Kihonda
Wakuu, nilikaa kimya kwa sababu MpimaChai alinipiga mahali ambapo sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshaandika matusi, nikayafuta. Tangu utoto nilijua kaseti zote ni za mzee, alizirekodi yeye, kutoka redioni. Sikuwahi kujiuliza.

Jana usiku nimeitoa. Ipo kwenye kopo la maziwa ya unga, nimeifunga kwa soksi ya mtoto. Upande A ni mwandiko wa mzee, herufi kubwa, wino wa bluu: MATIMILA. USIFUTE. Vile vijino vya nyuma vya kuzuia isirekodiwe tena, cha upande A kimevunjwa. Cha upande B kipo. Nikaigeuza. Upande B una wino mwekundu, herufi za kulala, ndogo ndogo: Soksi, ya kliniki.

Mzee haandiki hivyo. Nilikwenda kabatini nikachukua kadi yangu ya kliniki ya utotoni, ile ya uzito na chanjo. Kwenye jina langu kuna K yenye mkia unaopinda chini ya mstari. Ni K ileile.

Mama alikuwa muuguzi wa zahanati. Sikulisema kwa sababu sikuona linahusu. Kumbe yeye ndiye aliyeupata wimbo huo mtaani, akaunakili nyuma ya kaseti ya mzee, akaenda nao kazini. Sasa nakumbuka redio yetu ilivyokuwa inapotea nyumbani siku za kliniki, na mzee anauliza.

Picha hizo hapo chini, kaseti na kadi. Jina nimelifunika.

MpimaChai
Picha zimefunguka. Nimezikuza nikaitazama hiyo K. Naomba radhi, ndugu yangu, na Bi Mkubwa pia naomba radhi.

Bi_Mkubwa_Ilala
Miaka ile neno kondomu ulikuwa hulitamki mbele ya mkwe wala mbele ya wagonjwa. Watu walikuwa wanakufa nyumba kwa nyumba na tunasema karogwa. Remmy kasema soksi, watu wakacheka, na wakicheka wanasikia. Nesi aliyebeba kaseti ile kwenda nayo kliniki alijua anafanya nini. Mwanangu, mama yako alikuwa mtu.

Dada_Neema
Kaka, sherehe iache kwanza. Mpelekee mzee kaseti. Peke yenu wawili, bila bendi.

Mwana_Kihonda
Na laki tatu?

Dada_Neema
Laki tatu ni laki tatu. Nenda.

Shabiki_wa_Makassy
Kama bendi haina wimbo mwingine, watampigia Siku ya Kufa siku nyingine. Nenda mkuu.

*(Jumatatu)*

Mwana_Kihonda
Nimekwenda jana baada ya ibada. Alikuwa amekaa barazani, bado ana tai. Nikamwekea kaseti kwenye stuli karibu na kikombe chake, nikasema baba, hii niliichukua mwaka 2004, naomba unisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi.

Akasoma upande A, hakusema kitu. Akaigeuza. Akavua miwani, akaifuta na shati, akavaa tena, akausogeza mwandiko karibu na macho. Akakaa hivyo muda mrefu hadi chai ikaota utando. Kisha akasema: "Mama yenu alikuwa anaazima redio yangu haniambii." Akaniuliza kama mkanda umekatika. Nikamwambia sijui, sijawahi kuipiga, nilikuwa naogopa. Akanyoosha mkono akasema nimletee kalamu.

Habari ya bendi sijamwambia bado, nitamwambia leo jioni. Orodha nimeivuruga yote. Soksi nimeitoa namba 4 na sijajua naiweka wapi.

FundiRedio_Mbeya
Ni ya Bic hiyo kalamu? Mwambie azungushe taratibu, upande mmoja hadi mwisho. Akihisi mkanda umekuwa mzito asilazimishe, aurudishe nyuma kidogo kisha aendelee. Na redio mnayo?