Tupeane uzoefu: Waranti ya nyongeza kwa lori jipya, sisi wa Mtwara na Lindi inatusaidia?

Mzigo_wa_Newala
Wakuu, habari za jioni. Niko hatua za mwisho kuchukua lori jipya la ekseli tatu, kilomita sifuri, siyo la mtumba. Sehemu ya pesa ni yangu, sehemu ni mkopo wa benki. Linakuja na waranti ya kiwandani ya mwaka mmoja au kilomita laki moja, kitakachotangulia. Sasa muuzaji ananisukumia waranti ya nyongeza, miaka miwili mbele, kwa shilingi milioni saba na ushee, VAT bado. Anasema nisiumize kichwa, benki wataiingiza humo humo kwenye mkopo.

Kazi zangu wengi mnazijua. Salfa kutoka Mtwara mjini kupandisha Tandahimba na Newala msimu wa kupulizia mikorosho, ufuta wa Lindi kidogo, halafu kuanzia Oktoba ni korosho, kutoka AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kwenda maghala makuu mpaka minada iishe. Masika lori linalala uani.

Naomba aliyewahi kuinunua au kuikataa atueleze ilikuwaje. Za "nasikia" tuziweke pembeni.

Kibao_cha_Mangaka
Hongera kwa chuma kipya mkuu. Mimi nimekaa mkao wa kula, maana kuna kijana wa mauzo ananipigia simu kila wiki kwa jambo hili hili.

Makaa_Songea
Mimi navuta makaa ya mawe ya Ngaka kuja bandari ya Mtwara, na kichwa cha lori nilikichukua kipya. Hapo kwenye "kitakachotangulia" ndipo pa kukaa na kalamu.

Mtwara mpaka Songea ni kama kilomita 650, na mgodi uko mbele ya Songea, upande wa Mbinga. Kwenda na kurudi unakula 1,400 bila shida. Ukienda safari mbili kwa wiki, kilomita laki moja zinaisha kwenye mwezi wa tisa hivi tangu uanze kazi, na ule mwaka mmoja ulioandikwa kwenye kipeperushi hujauona. Kwa hiyo kwangu miaka ilikuwa mapambo, nilichonunua ni kilomita.

Walikuwa na karatasi mbili za waranti ya nyongeza. Moja inagusa gari karibu zima mpaka redio, nyingine ni injini, gia boksi na difu (gia za ekseli ya nyuma) basi. Nikachukua ya pili, kwa sababu kwa bei ya karibu ile ile walinipa kilomita nyingi zaidi. Redio nitanunua mwenyewe. Waranti ya kiwandani ilikuwa imeshakwisha, gia boksi ikaanza kulia nikipanda na mzigo baada ya Tunduru. Wakaipokea Dar, wakaifungua, wakabadilisha walichobadilisha, spea na ufundi sikutoa hata senti. Lakini kichwa kilikaa kwao wiki kadhaa wakisubiri kipuri, na rejesho la benki halikusubiri. Hasara ya kukaa bila kazi hawalipi, nenda kasome, imeandikwa.

Wewe wa korosho mambo yako ni kinyume na yangu. Mtwara kwenda Tandahimba au Newala si safari ya kumaliza kilomita, lori lako litamaliza miaka kabla halijamaliza namba. Chukua lori lako la zamani, angalia lilitembea kilomita ngapi kwa mwaka, ndipo urudi kwa muuzaji.

Mzigo_wa_Newala
Asante sana mkuu. La zamani halifiki hata elfu arobaini kwa mwaka.

Makaa_Songea
Basi mkatalie habari za kilomita nyingi, hizo huzitumii. Mwambie akuongezee mwaka au apunguze bei.

Fundi_Difu
Nipo Masasi, nashika malori makubwa. Wenye malori wengi wanadhani waranti ni bure ya kila kitu. Waranti inalipa kitu kilichotoka kiwandani na kasoro. Klachi, breki, matairi, bushi, mikanda, taa, filta, hivyo ni vya kuisha, na vikiisha kwa matumizi kwa kawaida haviguswi na karatasi, ya kawaida wala ya nyongeza. Kwa barabara zetu za vumbi kwenda vijijini, vinavyokufa kwanza ni hivyo hivyo.

Sasa mafuta. Kuna mteja nozeli zote zilimfia, gari halina hata mwaka. Kampuni ikatuma fundi wake kutoka Dar. Mimi nilidhani atafungua injini. Hakuigusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye filta inayotenga maji, akalegeza kile kizibo cha chini, akakinga na chupa ya maji ya kunywa aliyoikata kwa kisu. Tukasubiri kidogo. Chini yakakaa maji yenye tope, rangi ya chai ya maziwa, dizeli ikaelea juu yake. Akapiga picha chupa ikiwa pembeni ya namba ya chesisi, akaandika kwenye fomu "mafuta machafu", akapanda basi. Madai yakaishia hapo.

Dereva yule alikuwa anajaza mafuta ya vidumu njiani, tajiri hajui. Kwa hiyo kabla ya kulipa milioni saba, ongea na dereva wako. Amwage maji kwenye ile filta kila asubuhi kabla ya kuwasha, ajaze kituoni, alete risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Zile risiti usizitupe baada ya hesabu za mwezi. Siku wakikuambia mafuta yako machafu, hizo ndizo utakazowawekea mezani, na kituo kilichokuuzia kina EWURA, wasimamizi wa biashara ya mafuta, wa kukifuata.

BintiMikindani
Kaka Mzigo, mimi ninayo na imenilipa, lakini nilipigania.

Karakana wanayoitambua wao iko Dar peke yake. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua vilipokata barabara kule Somanga, gari langu lilikuwa limebakiza kilomita kidogo kufika sevisi. Mkataba unasema ukipitisha kilomita za sevisi bila muhuri wao, waranti imekufa. Nikapiga simu, kijana akaniambia "usijali mama, nchi nzima inajua barabara imekatika". Kauli ya simu hainifai kitu. Nikaandika barua pepe, nikaweka namba ya chesisi, picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita, na ombi la kufanya sevisi hapa Mtwara kwa oili na filta zao. Wakajibu kwa maandishi kwamba wanaruhusu mara hiyo moja, ilimradi nitunze risiti na filta za zamani. Filta nikazitia kwenye kiroba, nikaandika tarehe kwa kalamu ya kuandikia magunia, nikakitundika stoo.

Baadaye pampu ya maji ikaanza kuvuja. Kitu cha kwanza walichosema ni kwamba kitabu cha sevisi hakina muhuri mmoja. Nikawatumia barua pepe yao wenyewe. Wakauliza filta ziko wapi, nikawaambia ziko kwenye kiroba, nitume kwa basi gani? Wakalipa.

Jambo la pili ni kuvuta gari. Karatasi yangu ya mwanzo ilisema wanagharamia kuvuta ndani ya kilomita 100 kutoka karakana yao. Sasa kutoka Dar kilomita 100 hujafika hata daraja la Mkapa pale mto Rufiji! Sisi tuko zaidi ya kilomita 500 huku. Nikagoma kusaini mpaka wakaongeza mstari kwamba kwa gari lililosajiliwa kwao kama la Mtwara, watamtuma fundi kwanza, na likishindikana watalivuta kwa gharama zao. Walikubali, tena bila kelele nyingi. Wanaojua kudai ni wachache, ndiyo maana.

Tanboi_Mstaafu
Dada umetisha. Kiroba cha filta!

Kibao_cha_Mangaka
Samahani, swali la mshamba. Kwani bima kubwa haifanyi kazi hiyo hiyo?

BintiMikindani
Hapana. Bima kubwa ni ajali, moto, wizi. Gia boksi ikijifia yenyewe barabarani, watu wa bima watakupa pole. Na kuna kitu cha kuangalia hapo: waranti nyingine za nyongeza haziuzwi na mtengenezaji, zinauzwa na kampuni ya pembeni kupitia kwa muuzaji wa malori. Uliza nani hasa atalipa, na kama ni kampuni ya bima, hakikisha TIRA, mamlaka ya bima, inaitambua. Muuzaji akianza kuzungukazunguka kwenye swali hilo, funga mkoba.

Ekseli_Tatu
Naongezea ya uzito, kwa sababu ndiyo sababu wanayoipenda kuliko zote wakitaka kukataa.

Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya 2016, na kwetu ilianza kutumika Machi 2019. Jumla ya gari na trela lake isizidi tani 56, na ekseli mbili zilizoungana zenye matairi manne kila moja mwisho tani 18. Kampuni za malori zinaijua hiyo vizuri. Shemeji yangu wa Nanyamba difu ilimfia, wakamwomba tiketi za mizani za miezi ya nyuma. Na malori ya siku hizi yana kompyuta, wanachomeka waya wao wanasoma injini ilivyosukumwa, ilichemka lini, na dereva aliendelea kuendesha taa ikiwaka au la.

Tena alikuwa ameongeza springi mbili nyuma pale Mtwara mjini, kama tunavyofanya wote msimu wa korosho. Wakasema gari limebadilishwa, waranti yote imefutwa. Hapo ndipo alipokaza. Difu aliwaachia, maana springi na uzito vinahusiana. Lakini alikuwa na madai mengine ya altaneta, na akawauliza springi za nyuma zimeiua vipi altaneta? Mkataba wake ulisema marekebisho yanafuta kinga kwenye sehemu zilizoathirika, haukusema gari zima. Altaneta wakalipa. Kwa hiyo soma kama mkataba wako unafuta "sehemu iliyoathirika" au "waranti yote". Kama ni yote, usisaini.

Ruangwa_Kavu
Mimi niliikataa na silali njaa. Pesa waliyoitaka niliiweka kwenye akaunti ya peke yake, nikaipa jina la lori. Klachi ikaisha, nikatoa humo. Springi zikakatika, nikatoa humo. Vyote hivyo waranti isingevigusa, kama Fundi alivyosema. Iliyobaki ipo, na lori linatengenezwa hapa hapa na fundi ninayemjua, jioni ile ile linarudi kazini. Msimu wa minada siku moja ya kulala ni pesa, nani ana muda wa kupeleka gari Dar?

Fundi_Difu
Wewe Ruangwa gari lako lina pampu ya kizamani, kila kitu tunakifungua chini ya mwembe. Haya mapya nozeli zinaamrishwa na kompyuta. Ikifa kompyuta au pampu ya presha kubwa, hiyo akaunti yako inafagiwa yote kwa siku moja na bado unadaiwa. Mzigo, uliza lori lako ni la aina gani kabla hujamfuata huyu. Kama ni la kizamani, yuko sahihi kabisa.

Ruangwa_Kavu
Sikatai. Ila na wewe unatetea biashara ya nani, wakipeleka Dar si unakosa kazi?

Fundi_Difu
Ndiyo ujue nasema kweli.

Afisa_Mikopo_Mstaafu
Hakuna aliyegusa mkopo. Ukiingiza waranti kwenye mkopo, riba inaanza leo, kinga inaanza mwakani baada ya ya kiwandani kwisha. Mwaka mzima unalipia riba ya kitu ambacho hakijaanza kukulinda. Watengenezaji wengi wanakubali uinunue baadaye, mradi ya kwanza haijaisha. Muulize muuzaji kwa maandishi tarehe ya mwisho ya kuinunua na kama bei itabaki hiyo. Ikifika Oktoba utakuwa umeshalijua lori lako, lina tabia gani na limetembea kiasi gani. Tena utakuwa uko kwenye pesa ya korosho, unalipa taslimu.

Na kama una mpango wa kuliuza baada ya miaka mitatu, angalia waranti inahama na gari au inakufa na jina lako. Ikihama, bei ya kuuzia inapanda.

Makaa_Songea
Hilo la kusubiri sikulijua. Kwangu lisingewezekana, kilomita zingeniishia, ila kwa Mzigo limekaa vizuri sana.

Ekseli_Tatu
Usisahau na saa za injini. Msimu wa foleni ghalani madereva wanaacha injini inaunguruma usiku kucha kwa ajili ya feni na simu. Kilomita hazisogei lakini injini inafanya kazi. Baadhi ya ratiba za sevisi zinahesabu na saa. Ukifuata kilomita peke yake utajikuta umepitiliza oili bila kujua.

Mzigo_wa_Newala
Wakuu, Mungu awape. Sisaini ya nyongeza sasa hivi. Jumatatu nampelekea muuzaji barua: tarehe ya mwisho ya kuinunua na bei yake, nani analipa, kuvuta gari kutoka Newala, sevisi ifanyike wapi barabara ya Dar ikikatika, na hicho kipengele cha "sehemu iliyoathirika". Lori lenyewe nimeuliza, ni la kompyuta, kwa hiyo Ruangwa nisamehe kaka.

Ombi la mwisho. Mwenye ule ukurasa wa mambo wasiyolipa aupige picha anitumie, afute jina lake na namba ya chesisi. Muuzaji wangu amenipa kipeperushi tu, mkataba anasema nitauona siku ya kusaini.

BintiMikindani
Siku ya kusaini? Mwambie autume leo, asipoutuma usiende. Wa kwangu uko Mtwara mjini kwa mwanangu, kesho jioni nakutumia kurasa zote nne.